Kukagua Mafuta Angani

Dukani, 4 Machi

Dada,

Mzigo umefika. Kamba uliyofungia ilinitoa jasho. Sijui huko ghalani mnafunga vitabu au mnafunga fisi. Vitabu ni viwili na vyote vizima, isipokuwa kile cha juu ambacho jalada lake limelowa maji, na ndiyo maana kimekuwa changu badala ya kuwa cha mtu mwenye pesa. Sina malalamiko. Jalada silisomi.

Usishangae ukubwa wa herufi zangu. Kalamu yangu imekwisha wino, natumia hii ya kuandikia bei ukutani.

Sasa maoni, maana najua unayasubiri ili uyapinge. Nimemaliza *Chombo Kisicholala*. Watu mia nne wanaondoka duniani kwenda kwenye nyota ya mbali, wanasafiri miaka themanini, wanazaliana humo humo. Wana daktari, wana mwalimu, wana fundi wa mabomba, wana hata mtu wa kuchunga nyuki. Kinyozi mwenzangu hakuna. Miaka themanini, Dada! Mwandishi ametueleza hewa inatoka wapi na maji ya kuoga yanachujwaje, lakini kichwa cha binadamu amekiacha kijiotee tu kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Na huko hakuna uzito. Nywele ukizikata hazianguki, zinaelea, zinaingia kwenye mitambo. Nilijua kabisa balaa litatokea hapo. Halikutokea. Nafasi nzuri imepotea bure.

Lakini kwa jambo moja nampa heko. Yule nahodha mwanamke na fundi wake wa injini ni watu wenye adabu sana. Kila wakibaki peke yao, taa zikapungua, ukadhani sasa mambo yanaharibika, wao wanakwenda kukagua mafuta. Ukurasa wa tisini na mbili wamekagua mafuta mpaka kukakucha. Hao ndio watu wa kukabidhiwa chombo. Na mwisho, nahodha anapotua kwenye sayari mpya, mzee lakini mzima wa afya, nilifurahi kiasi kwamba kesho yake kazini nilimkumbuka nikatabasamu, na mteja akaniuliza kama nacheka kichwa chake.

Wifi yako yuko safarini kikazi na treni yake. Mama mkwe yupo kwetu nyumbani, nyonga inaendelea vizuri, anakusalimu. Cha pili nakianza leo.

Mdogo wako,
Wembe


Ghalani, 13 Machi

Mdogo wangu Wembe,

Mafuta gani?

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya maboksi ya kitabu hicho hicho. Nilikisoma kabla ya kukutumia, kama kawaida yangu. Ukurasa wa tisini na mbili hauna mafuta. Una busu. Busu refu, linaanza juu ya ukurasa na unageuza ukurasa bado lipo. Na nahodha hatui mahali popote akiwa mzima wa afya. Anakufa. Anajifungia chumba cha injini kwa ndani ili wenzake waokoke, na mimi nililia hapa nikaandika anwani ya mteja juu ya boksi la mteja mwingine.

Kuhusu kinyozi nakubali, una hoja. Mimi kilichonikera ni mzigo. Wamebeba mbegu, ng'ombe waliogandishwa na piano, na hakuna mstari hata mmoja unaosema nani alipakia na nini kilitangulia. Piano inakaa chini. Mtoto mdogo anajua. Wao walisafiri miaka themanini na mimi nina hakika piano ilikuwa juu ya ng'ombe.

Usinipigie simu kunijibu. Kwenye simu tunaulizana hali. Kubishana tulikubaliana ni kwa barua, ili mtu asije akakana maneno yake. Na tafuta kalamu ya watu. Umetumia karatasi nne kwa maneno ya karatasi moja, na mwenzangu wa meza ya pili aliisoma barua yangu yote bila kuinuka.

Nieleze hilo busu limekwenda wapi.

Dada yako


Dukani, 21 Machi

Dada,

Asante kwa kukubali kuhusu kinyozi. Kuhusu piano nakuunga mkono, hilo nami lilinipita.

Unauliza mafuta gani. Kitabu hakisemi. Nadhani ni ya taa. Unasema pia kwamba ulilia nahodha alipofunga mlango wa chumba cha injini. Dada, hapo mimi sikuona cha kuliza. Ile ni tahadhari ya kawaida, hata mimi nafunga duka kila jioni. Labda umechoka, uombe likizo.

Nimemaliza *Soko la Kumbukumbu*. Ni mji ambao watu wanauza kumbukumbu zao, zinawekwa kwenye vichupa, na matajiri wananunua. Wazo ni zuri, lakini mwandishi hajawahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi. Mimi watu wananipa kumbukumbu zao bure kila siku, na nyingine ningelipa nisizisikie. Nani angenunua? Halafu kuna kijana pale katikati, anauza kumbukumbu ya mtihani wake wa kwanza wa hesabu, na baada ya hapo analia miaka kumi, anautafuta huo mtihani mji mzima. Sikumwelewa. Mimi wangu wa hesabu ningewapa na kichupa juu.

Kazi imepungua kidogo. Watu siku hizi wanapenda kufuga nywele.

Mdogo wako,
Wembe


Ghalani, 30 Machi

Wembe,

Mtihani wa hesabu! Yule kijana anauza kumbukumbu ya msichana wake wa kwanza. Kitabu kizima kimesimama juu ya hilo. Nimekuuliza busu umenijibu taa. Nimekwambia mtu amekufa, umenijibu kwamba na wewe unafunga duka. Nilidhani unanichezea. Nikawaza usiku na mchana, kisha nikaelewa: si wewe, ni kiwanda. Umepata nakala zenye kosa la uchapaji. Mahali fulani mtu amechanganya kurasa za kitabu kimoja na kitabu kingine, cha mafuta na mitihani.

Nimemweleza msimamizi. Unamjua, yule anayetembea na kofia ndani ya nyumba. Alibadilika rangi. Ametuamuru tufungue maboksi yote ya *Chombo Kisicholala* tukague ukurasa wa tisini na mbili, nakala moja moja. Wapakiaji, madereva, mpaka mama wa usafi, wote tulikaa chini kusoma busu. Kazi ilisimama mchana mzima. Mafuta hatujayaona, lakini dereva mmoja amekwenda kumwomba mkewe msamaha, sijui wa nini.

Sasa msimamizi ananitazama kwa jicho la pembeni. Anataka ushahidi. Rudisha nakala zako zote mbili, haraka, la sivyo hapa nitaonekana mzushi.

Dada yako


Nyumbani, 8 Aprili

Mwanangu,

Hatujawahi kuandikiana. Mimi ni mama mzazi wa wifi yako, ninayekaa hapa kwa ndugu yako tangu nyonga inisumbue. Tafadhali msifungue maboksi mengine. Kiwanda hakina kosa. Kosa ni mimi.

Ndugu yako haoni. Si giza kabisa. Anasema ni kama kutazama dunia kupitia kioo cha bafuni. Ilianza taratibu tangu mwaka jana. Binti yangu hajui, maana yuko kwenye treni siku nyingi kuliko nyumbani, na akirudi mume wake anajikaza, anatembea huku amegusa ukuta kama mtu mwenye mawazo. Mimi nilijua siku aliponiamkia kwa heshima zote, ameinama kabisa, kumbe anaamkia koti langu lililotundikwa mlangoni. Nikaitikia kutoka jikoni ili nisimwaibishe. Hizo herufi kubwa si habari ya wino.

Akaniomba nisimwambie mtu. Kilichomuuma zaidi ni vitabu vyako. Anavishika, anavinusa, anavirudisha mezani. Nikamwambia, Baba, nitakusomea. Nilijua ni vitabu vya roketi. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya roketi wanafanya hayo.

Huo ukurasa wa tisini na mbili ulinikuta sina pa kukimbilia. Mimi ni mama mkwe wake. Kuna maneno hayawezi kutoka kinywani mwangu yakaingia sikioni mwake, halafu asubuhi tukanywa chai meza moja. Jicho langu likaangukia taa. Basi, wakakagua mafuta. Baada ya hapo ikawa rahisi. Yule kijana wa kumbukumbu nilimpa mtihani wa hesabu kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichokumbuka kinaliza watu. Na nahodha sikuweza kumuua, kwa sababu ndugu yako alikuwa amempenda, na siku hiyo alirudi kutoka kazini ameinamisha kichwa. Alikuwa amemkata mteja sikio. Si sana, lakini sikio ni sikio. Barua zako pia namsomea mimi, na humo nako nimeruka maneno. Utanisamehe.

Nilimpeleka kliniki tukijifanya ni kwa ajili ya nyonga yangu. Daktari akamwangalia, akasema ni mtoto wa jicho, upasuaji mdogo, jicho moja kwanza kisha la pili, lakini asikae sana. Ndugu yako amekataa. Aliniambia hivi: "Mama, mimi nimeshika wembe miaka yote hii. Najua mkono unavyoteleza." Nimembembeleza mpaka nimechoka. Wateja wanahama mmoja mmoja. Sikio la pili likikatwa, duka limekwisha, na yeye bila lile duka simwoni atakuwa nani.

Wewe anakusikiliza, hasa mkiwa mnagombana. Nisaidie, lakini asijue nimesema.

Mama mkwe wa ndugu yako


Ghalani, 16 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua hii naiweka ndani ya mzigo ule ule wa ndugu yangu. Hataiona, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Kwanza nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikalia, na msimamizi akanipa ruhusa ya nusu siku akidhani nimefiwa. Nimemwambia ushahidi haupo, kwamba ndugu yangu huwa anasoma kwa namna yake. Akavua kofia, akaniuliza kama tunaweza kurudishia maboksi gundi bila mtu kujua. Hapo tumeelewana.

Asante kwa kumsomea. Wala usiombe msamaha. Ule mwisho wako nimeufikiria kutwa.

Sasa nisikilize, Mama. Nikimbembeleza atanyamaza, nikimtisha atabisha. Huyu tangu utotoni anasogezwa na kitu kimoja tu, nacho ni aibu. Alijifunza kuogelea siku moja, kwa sababu nguo zake zilikuwa ng'ambo ya pili na wasichana walikuwa wanakuja. Kwa hiyo nimetuma riwaya nyingine, inaitwa *Mizingo Miwili*. Si kitabu kichafu. Ni watu wawili wanaopendana, kila mmoja yuko kwenye sayari yake, na sayari zikikaribiana wanakutana. Tatizo ni kwamba sayari zenyewe zinakaribiana mara kwa mara.

Msomee yote. Usiruke hata neno. Mafuta yasikaguliwe.

Najua ninachokuomba ni kikubwa kuliko upasuaji wenyewe.

Wako,
Dada wa mkweo


Ghalani, 16 Aprili

Mdogo wangu,

Yaishe. Nakala zako usizirudishe, ushahidi hauhitajiki tena. Nimekutumia kitabu kipya, *Mizingo Miwili*. Wasomaji wote hapa wanasema ni kitabu kizito cha kisayansi, kinahusu mzunguko wa sayari na nguvu za mvutano. Mimi mahesabu yamenishinda. Wewe ni mtu makini, nataka maoni yako ukurasa kwa ukurasa, hasa hapo kwenye mvutano.

Dada yako


Nyumbani, 24 Aprili

Mwanangu,

Nimefanya ulichoniambia na Mungu aniangalie.

Nilivaa miwani, nikanywa maji, nikaanza. Kurasa za mwanzo ni sayari tupu, ndugu yako akawa anatikisa kichwa kama profesa. Kisha sayari zikakaribiana. Nikasoma: "Akamvuta karibu."

Ndugu yako akasema, "Hapo bila shaka wanakwenda kukagua kitu."

Nikasema, "Hapana, Baba. Hawakagui kitu."

Nikaendelea. Sauti ilikuwa yangu lakini sikuitambua. Akakohoa. Nikaendelea. Akauliza kama maji ya chai yamechemka. Nikamwambia jiko halijawashwa. Akasema, "Mama, pumzika basi, umesoma sana." Nikamwambia sijachoka. Mwanangu, wale watu wamevaa mavazi ya anga. Mavazi ya anga yana vifungo. Ni vingi, ni vingi mno, na mwandishi hakukisahau hata kimoja. Mimi nimetazama kitabu, ndugu yako ametazama dari asiyoiona, na jasho linamtoka. Tulipofika vifungo vya mabegani akasimama ghafla, akagonga kabati.

"Mama! Ile kliniki wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Kesho wapo?"

"Kesho wapo. Nimalizie ukurasa?"

"Funga kitabu, Mama."

"Dada yako ametaka ukurasa kwa ukurasa."

"Mama, nakuomba kwa heshima zote nilizonazo. Funga kitabu."

Nikakifunga. Tukakaa hapo, kila mmoja akitafuta pa kuweka mikono. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka nyonga ikaniuma.

Kesho yake tulikwenda. Amepewa tarehe, mwezi ujao katikati. Amefunga duka mpaka hapo, na yeye mwenyewe amempigia binti yangu simu, akamweleza yote. Kelele zilizotoka kwenye ile simu nilizisikia nikiwa jikoni. Amechukua likizo, anarudi.

Lakini bado anaogopa. Jioni namwona anafungua na kufunga mikono. Kupewa tarehe ni jambo moja, kulala kwenye kile kitanda ni jingine. Nimemwambia nitakaa mlangoni mpaka atoke.

Mama


Nyumbani, 29 Mei

Dada,

Naandika kwa jicho moja. La pili limepangiwa Julai.

Sitakueleza habari ya hospitali kwa urefu maana wifi yako atakuwa ameshakupigia simu akatia chumvi. Nitakwambia kitu kimoja ambacho hakukiona. Nilipokwisha kulazwa, daktari akaniuliza kama nina swali. Nikamwambia nataka kushika mkono wake. Msaidizi wake akacheka. Daktari hakucheka, akavua glavu, akanipa mikono yote miwili. Nikaishika kama ninavyoshika mkono wa mtu anayekuja kuomba kazi ya unyoaji kwangu. Nilingoja itetemeke. Ilikuwa baridi, imetulia kama ya mtu aliyelala. Nikamwambia, haya, baba, endelea. Ningempa kiti dukani kwangu siku hiyo hiyo.

Walipofungua bandeji nilimwona mke wangu, ambaye amenenepa na hakuna aliyeniambia. Kisha nikamwona Mama amesimama mlangoni. Ni mdogo sana kuliko sauti yake. Nikainama nikamwamkia, safari hii yeye mwenyewe.

Kisha nimerudi dukani nikaiona kazi yangu. Wateja walioendelea kuja kwangu kipindi chote kile ni mashujaa au ni maskini. Watatu nimewapigia simu kuwaomba radhi. Mmoja amesema alidhani ni mtindo mpya, na wenzake kazini wamemwiga. Huyo sikumwambia kitu.

Najua mlinipangia njama, wewe na Mama. Hakuna wasomaji wowote huko waliosema kile ni kitabu cha mahesabu. Sitalipiza kwa sasa, mpaka jicho la pili lipone.

Maoni. Nimekisoma *Chombo Kisicholala* upya, mwenyewe, kwa siku mbili. Busu ni fupi kuliko Mama alivyoliogopa, na limeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Lakini nahodha! Nilifika pale anafunga ule mlango kwa ndani, nikadhani ni tahadhari ya kawaida, nikaendelea kusoma kwa raha zangu, na ukurasa unaofuata hayupo. Dada, niliinuka nikaenda jikoni na kitabu mkononi.

"Mama, nahodha amekufa."

"Pole, Baba."

"Wewe ulisema alitua akiwa mzee."

"Mimi nilimwacha hai. Aliyemuua ni mwandishi. Kamuulize yeye."

Jibu hilo nimekaa nalo tangu juzi. Mwisho wa mwandishi ndio mkubwa, hilo nakubali. Lakini wa Mama ulinipeleka kazini asubuhi ile, siku ambayo nilikuwa nimeshakata shauri nisiende tena. Sijui riwaya inapimwa kwa lipi kati ya hayo mawili. Wewe uliye karibu na vitabu uniambie.

Sasa *Mizingo Miwili*. Nilitaka kukiendeleza mwenyewe, kwa faragha, kuanzia kwenye mabega. Nimekitafuta nyumba nzima. Kumbe Mama amekichukua. Yuko nacho chumbani kwake, amefunga mlango, anasoma kimya kimya. Mara ananyamaza kabisa, mara namsikia anasema "Ala!" peke yake. Chakula cha mchana amekula kwa mkono mmoja. Nimegonga, nikauliza kwa adabu wamefika wapi, akanijibu kwamba sayari zimekaribiana na nisimsumbue. Wifi yako naye amepanga foleni, anasema yeye ni binti yake, kwa hiyo anafuata.

Mimi nimekaa sebuleni na jicho jipya, nasoma maandishi ya kiberiti. Na akitoka hataki kunisimulia kilichotokea. Anasema mambo yale hayaelezeki kwa mkwe, nisome mwenyewe.

Kwa hiyo kuanzia sasa, Dada, kila kitabu tuma nakala mbili.

Mdogo wako,
Wembe